Presha

Mlango wetu uko uchochoroni,
baina ya mapipa matatu ya taka na ukuta wa kinyozi.
Msikiti huu zamani ulikuwa kiwanda cha soksi:
wanaume huingia palipoingia mabwana,
sisi tunaingia palipotokea marobota.

Juu, ngazi kumi na tisa, chumba chetu.
Zulia walilolitoa chini walipopata jipya.
Spika inayokohoa hotuba nusunusu:
"Enyi waumini," kisha krrr, kisha "wake zenu,"
ya katikati hatukujaliwa kuyajua.
Na bomba la udhu, maji ya baridi tu,
Januari, Leicester,
maji ya kukung'ata mfupa ukasahau nia.

Mimi muuguzi. Zamu za usiku, wodi ya moyo.
Jumamosi moja nikaja na mashine yangu ya presha
kwa ajili ya Bi Batuli tu, aliyelalamika kisunzi.
Nilipoinua uso
foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Sijui. Mimi naipima. Ilikuwa imepanda kwa wote.

Rukhsana, mia na sitini na mbili.
Mwanawe kamposa binti wa Kigambia, kahifadhi Kurani yote,
na ukoo mzima kutoka Bradford umepiga simu kuuliza:
"Mweusi kiasi gani?"
Akasema hivyo, akaona mkono unaomfunga kitambaa.
Akanyamaza.
Ukimya ule nilimwachia aubebe mwenyewe.
Maana ni yeye, mwaka niliohamia,
aliyeniuliza kwa huruma, "Umesilimu lini, dada?"
mimi, ambaye babu wa babu yangu alisomesha Siyu,
akafa na wino kwenye kucha.

Hodan hakueleza. Alivua glavu
ikaonekana alama ya vidole vya mtu wa kwenye basi.
"Rudi kwenu," kamwambia.
"Ndiko ninakorudi," kamjibu, "nashuka kituo cha tatu."
Tulicheka hadi mashine ikatoa namba za uongo,
ikabidi nipime upya.

Tukaandika barua kwa kamati:
maji ya moto, spika, taa ya uchochoroni,
na kiti kimoja, kimoja tu, cha mwanamke mezani kwao.
Wakajibu: "Litatazamwa, inshallah."
Nimeolewa mara mbili. Inshallah ya namna ile naijua.

Mwezi wa pili, usiku wa theluji chafu,
mtu akakohoa nje penye mapipa. Akakohoa tena.
Haji Ismail Sidat, mwenyekiti mwenyewe:
kichwa kinamgonga siku ya nne,
na miadi ya daktari ni Aprili.
Bi Batuli akanong'ona, "Mwache kidogo, aonje baridi."
Tukamwacha. Kidogo.

Akapanda ngazi ameshika ukuta, kwa kuwa hakuna cha kushika.
Nikamkalisha kiti cha plastiki, chini ya spika.
"Usiseme," nikamwambia. "Ukisema inapanda."
Akatii.
Adhana ya isha ikaanza chini,
ikatufikia vipandevipande, hayya ala krrr,
naye akainua macho kama mtu aliyesikia jina lake likikosewa.

Mia na tisini na nne.
Nikamwandikia namba aende nayo hospitali usiku uleule,
nyuma ya nakala ya barua yetu,
ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.
Sikukusudia.
Au nilikusudia.

Amepona, alhamdulillahi. Boila limefungwa.
Kiti bado. Spika bado inakohoa.
Mlango ni uleule, mapipa sasa manne.

Lakini leo alfajiri, nikitoka zamu,
nilifungua bomba nikakaza meno kwa mazoea,
na maji yakaja na mvuke.
Nikayashika viganjani kupita kiasi cha udhu,
Mola anisamehe israfu ile,
miguu ikiuma, vidole vikirudi kuwa vyangu,
huku kichwani barua ya pili
imeshapata mstari wake wa kwanza.